Kuukimbia Upepo: Natetea Filamu Iliyochekwa

Msikilizaji, uwe Korogwe mjini, Mombo, Handeni au huku kwetu Magoma, leo nimeacha habari za bei ya mahindi, nimekuja na filamu.

Ipo filamu moja ya Kimarekani ambayo hata mchezaji wake mkuu aliikana mbele ya waandishi wa habari. Inaitwa The Happening. Ni filamu ya kutisha, ya mwisho wa dunia, na iliingia kwenye majumba ya sinema Ijumaa ya tarehe 13 Juni 2008. Kwa Wazungu Ijumaa ikiangukia tarehe 13 ni siku ya mkosi, na safari hii mkosi uliwapata wenye filamu. Wahakiki waliinyofoa nyama yote ikabaki mifupa. Iliteuliwa mara nne kwenye Razzie, zile tuzo za dhihaka wanazopewa walioboronga kuliko wote kwa mwaka: filamu mbaya, mwongozaji mbaya, mchezaji mbaya wa kiume, muswada mbaya. Hata huko haikushinda, walipatikana wabaya zaidi. Mwaka 2010 Mark Wahlberg, ambaye ndiye aliyeibeba filamu nzima, akiwa anainadi filamu yake nyingine, aliitaja hii kuwa ni mbovu na akaibeza miti iliyomo ndani yake. Bwana mkubwa, ulilipwa, ukacheza, sasa unaikana?

Mimi naitetea. Na siitetei kwa kuwa ilipata fedha, ingawa ilipata: ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 48 na ikaingiza zaidi ya milioni 160 duniani kote. Fedha si ushahidi, filamu nyingi za hovyo zimejaza kumbi. Naitetea kwa kuwa nadhani waliocheka walichekea kitu ambacho mtu wa bonde letu la Luengera hawezi kukichekea hivihivi.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ambao hawajaiona. Asubuhi moja katika bustani kubwa ya Central Park, jijini New York, upepo unapita kwenye miti. Watu wanasimama ghafla. Wanaongea maneno yasiyopangika, wengine wanarudi kinyumenyume, kisha mmoja mmoja anaanza kujidhuru mwenyewe. Sitaeleza kwa namna gani, maana redio hii inasikilizwa na watoto, na yeyote anayepita katika kipindi kigumu cha moyo ningemshauri filamu hii aiache, haimfai. Balaa linasambaa mji kwa mji. Huko Philadelphia, mwalimu wa sayansi wa sekondari aitwaye Elliot, huyo ndiye Wahlberg, anapanda treni na mkewe Alma, na rafiki yake Julian anayefundisha hisabati, pamoja na Jess, binti mdogo wa Julian. Treni inasimama kwenye kijiji kidogo kwa sababu wenye treni wamepoteza mawasiliano na kila mtu. Abiria wanashuka, hawajui waende wapi. Wengi wanadhani ni magaidi. Kisha mzee mmoja mwenye kitalu cha miche anasema: hapana, ni mimea. Mimea imetuchoka, inatoa sumu, na upepo unaibeba.

Hapo ndipo dunia ilipoangua kicheko. Watu wazima wanakimbia upepo! Majani yanatikisika na muziki unapanda!

Tumezoea kutishwa na kitu chenye uso, msikilizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwongozaji wetu Mussa Banzi alitutisha kwa filamu yake Nsyuka, kisha kwa Shumileta, na tulitishika kwelikweli, lakini tulijua tunachokiogopa. Zimwi lina meno, jini lina macho. Ukiliona unajua ukimbilie upande gani, na unajua umtafute nani: shehe, mchungaji au mganga. Shyamalan, mwongozaji wa hii The Happening, amemnyima mtazamaji msaada huo. M. Night Shyamalan alizaliwa Mahé huko India, akakulia nje kidogo ya Philadelphia, na ndiye aliyetupa The Sixth Sense mwaka 1999, ile ya mtoto anayewaona wafu. Anajua kutengeneza mzuka. Safari hii aliamua kumweka adui asiye na sura, asiye na chuki, asiyesikia maombi, na ambaye umezungukwa naye pande zote tangu ulipozaliwa.

Sasa njoo Magoma. Ukitoka Korogwe unaingia bonde la Luengera, Usambara Magharibi iko kushoto kwako, Usambara Mashariki kulia, na katikati, kwa zaidi ya miaka mia, mkubwa wa mahali hapa ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Sitini na mbili tu! Kutokana na hiyo, Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Ili mmea huo ukatwe walitafutwa Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Wamakonde kutoka Msumbiji, Warundi, wakaja kwa maroli na kwa treni, wakapewa vipande vya kazi na namba, wakaitwa manamba. Wengi hawakurudi kwao. Ukiingia leo kwenye kambi za mashamba, Magoma, Magunga, Mwelya, Ngombezi au Hale, ukamuuliza kijana kwa nini amezaliwa Mkoa wa Tanga ilhali babu yake ni Mmakonde, jibu ni mmea. Mmea usio na miguu ulihamisha watu nusu ya bara hili. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa kama tani 20,000. Nyingi za kambi zilizojaa watu zikabaki kuta na mibuyu.

Nani katika habari hiyo alikuwa na ubaya? Wapo, kina bwana shamba na makampuni, sitaki kuwasafisha. Lakini mkonge wenyewe haukumchukia mtu, wala haukujua kama kuna mtu. Ulifanya kazi yake ya kuota.

Na ukitaka kujua mmea unavyoweza kuwa adui bila kukasirika, msimamie mkata mkonge asubuhi moja. Jani lina urefu wa mita moja na zaidi, na nchani lina mwiba mweusi, mgumu, mkali kama sindano ya gunia. Mkataji anainama kulifikia jani la chini, na hapo jicho lake liko usawa uleule wa miiba ya mche wa jirani. Hawezi kugeuka haraka. Akiitwa jina, haitiki kwa kugeuza shingo, anatoka kwanza kinyumenyume. Anakata, anaondoa mwiba, anafunga mafungu, anayapanga yapimwe kwa mita. Utomvu ukimrukia mkononi unawasha mpaka jioni. Yote hayo kwa jani ambalo likishapita kwenye korona, ile mashine ya kuchambulia mkonge, linatoa singa kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Mche wenyewe, baada ya miaka yake, unarusha mlingoti mmoja mrefu kuliko nyumba, unazaa vichipukizi huko juu kwa mamia, halafu unakufa. Vichipukizi vinaanguka vinaanza upya. Mwambie mtu huyo kwamba filamu ya mimea inayoua ni upuuzi. Atakuangalia tu.

Nasikia mtu anasema: sawa, mkonge unachoma, lakini mimea kutoa sumu hewani na kupeana taarifa ni uongo wa sinema. Hapa, msikilizaji, ndipo wahakiki waliponishangaza zaidi, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo iliyo karibu na ukweli kuliko zote.

Miaka ya 1980 kule Afrika Kusini, tandala walianza kufa kwa wingi kwenye mashamba ya wanyamapori yaliyozungushiwa uzio. Hawakuwa na jeraha. Hawakuwa na njaa pia, matumbo yalikuwa na majani. Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alichunguza akakuta majani yale hayakusagika tumboni. Maelezo yake ni kwamba migunga, ikiguguniwa kupita kiasi, huongeza tanini kwenye majani mpaka mnyama hawezi kuyameng'enya. Na wakati huohuo hutoa gesi ya ethilini inayochukuliwa na upepo, na mgunga wa jirani, ambao haujaguswa na mdomo wowote, nao unaongeza tanini. Twiga aliye huru huonja mti mmoja, anaondoka, tena anatembea kuelekea unakotoka upepo. Tandala aliyefungiwa ndani ya uzio hana pa kwenda. Na ethilini si kitu kigeni jikoni kwenu: ndiyo hiyo inayotoka kwenye ndizi mbivu na kuivisha mbichi zilizofunikwa pamoja nayo.

Tena si lazima twende Pretoria. Muulize mkulima yeyote wa mahindi kuhusu kiduha, lile ua zuri la zambarau linalomfilisi mtu. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, inaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 ikingoja. Mvua peke yake haiiamshi. Inaamka pale inapopata kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mhindi ulio karibu, inajishikiza hapo, inanyonya, na wewe juu unaona mahindi yamedumaa unadhani ni jua. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe chini ya Zeyaur Khan tangu miaka ya 1990 wamewafundisha wakulima kujibu kwa silaha hiyohiyo: desmodiamu katikati ya mahindi, matete pembeni. Harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo anayetaga funza wa mabua, harufu ya matete inamvuta aende huko nje, na mizizi ya desmodiamu inakizuia kiduha. Shamba zima linaongea kwa harufu, na mtu anapita katikati na jembe begani hasikii neno.

Kwa hiyo Shyamalan ametia chumvi. Hakuna jani linaloweza kumfanya mtu ajidhuru ndani ya dakika moja, hiyo ni hadithi. Lakini zimwi je, lipo? Wahakiki walewale wanaokubali maiti ifufuke na kutembea walishindwa kukubali mti utoe gesi, kitu ambacho mti hufanya kila siku.

Shitaka la pili ni uigizaji, na hapa kazi ni ngumu kidogo. Ni kweli Wahlberg anaongea kwa sauti nyembamba, macho kayatoa, kama mwalimu wa zamu aliyesahau alichotaka kutangaza mstarini. Ni kweli Zooey Deschanel, anayecheza Alma, anaonekana kama ameamshwa usingizini. Shyamalan mwenyewe amesema alikusudia filamu ya daraja la pili, ya mtindo wa zile za zamani zilizotengenezwa kwa bei nafuu, na wapo wanaoona huo ni utetezi wa baadaye. Mimi namwamini, kwa sababu ya tukio moja.

Elliot na wenzake wameingia kwenye nyumba tupu. Ni nyumba ya maonyesho, ya kuwashawishi wanunuzi. Ndani kuna mche wa mapambo. Elliot anausogelea polepole, anajitambulisha, anauhakikishia kwa adabu kwamba wamekuja kutumia choo tu halafu wataondoka, hawana nia mbaya. Ananyoosha mkono, anagusa jani. Plastiki. Anagundua anaongea na plastiki, na bado anaendelea kuongea nayo.

Tukio hili ndilo wanalolirusha kwenye simu kama ushahidi wa ubovu. Hebu liangalie tena. Huku kwetu mganga wa mitishamba anayejiheshimu hachimbi mzizi bila kusema neno na mti kwanza. Anabisha hodi, anaeleza shida iliyomleta, ndipo anachimba. Hakuna anayemcheka. Mwalimu wa sayansi wa Philadelphia, baada ya nadharia zake zote kumwishia, amefika mahali alipo mganga, ila amefika akiwa kwenye nyumba ambayo hata mche wake ni wa kiwandani. Hana mti wa kuomba radhi. Hiyo ni dhihaka kali juu ya maisha ya watu wake, na inachekesha kwa makusudi, na ukicheka umecheka pamoja na mwongozaji, hukumcheka yeye. Roger Ebert, mhakiki aliyeheshimika kuliko wengi Marekani, aliipa filamu hii nyota tatu kati ya nne wakati wenzake wakiitupia mawe. Hakuwa peke yake kabisa, lakini hawakuwa wengi.

Mbona mwaka 1963 Alfred Hitchcock aliwafanya ndege wawashambulie watu, hakueleza sababu hata moja mpaka mwisho, na leo The Birds inafundishwa vyuoni? Hapo sasa ndipo nitakapowapa wahakiki wanachostahili, maana kosa la kweli la The Happening wao hawakulitaja sana. Walilalamika kwamba maelezo ni ya kipuuzi. Mimi nalalamika kwamba maelezo yapo. Yule mzee wa kitalu anafungua kinywa mapema mno, na tangu hapo Elliot anapiga hesabu kwa sauti: mimea inashambulia makundi makubwa, tugawanyike, tuwe wachache. Wanagawanyika. Kundi kubwa linabaki nyuma ya kilima, na kinachowapata tunakisikia tu kwa masikio, hatukioni. Hiyo ni sehemu bora kabisa ya filamu, nyasi ndefu, watu wametawanyika wakikimbia, upepo unafuata ukiinamisha nyasi. Ila ingetisha mara mbili kama tusingekuwa tumeshaelezwa. Baadaye wanafika kwa bibi mmoja mkali anayeishi peke yake, hana umeme wala habari za dunia, na upepo unamchukua yeye akiwa peke yake. Hesabu ya makundi inavunjika mbele ya macho yetu. Hapo filamu ilikuwa inajirudi, inasema hata nadharia ya Elliot haikutosha. Wachache walilisikia hilo.

Na tusisahau kilichotokea mwaka 2020. Msikae kwa makundi, msisogeleane, hewa unayovuta inaweza kuwa ndiyo yenyewe: hayo tuliyaishi. Sisemi Shyamalan alitabiri chochote, hakutabiri. Nasema tu kwamba baada ya mwaka ule, kumcheka mtu anayeiogopa hewa kumekuwa kugumu.

Mwisho wa filamu pia walioukebehi ni wengi. Miezi mitatu imepita, maisha yamerudi, watoto wanakwenda shule. Kwenye televisheni mtaalamu anasema lile lilikuwa onyo. Mtangazaji anambishia: ingekuwa onyo, lingetokea na mahali pengine, si kona moja tu ya Marekani. Hoja nzuri kabisa ya mtangazaji, na mimi kama mtangazaji naijua hoja hiyo, ndiyo tunayoitumia tukitaka mgeni amalize muda uishe. Kisha tunahamishiwa Paris, bustani ya Tuileries, marafiki wawili wanapiga soga, na upepo unaanza. Walisema ni mwisho wa kuchokoza ili itengenezwe sehemu ya pili. Sehemu ya pili haikutengenezwa kamwe. Onyo la mmea halitangazwi: tandala hakuandikiwa barua, wala sisi hatukupewa taarifa kwamba ile miche 62 ndiyo itakayopanga nani azaliwe wapi.

Nimalizie kwa wenye vibanda vya video, kwa kuwa najua mnanisikiliza na jenereta mmeshaliwasha. Sanaa ya kutafsiri filamu kwa Kiswahili juu kwa juu naipenda, tumekua nayo tangu enzi za Derek Gaspar Mukandala, yule Lufufu, aliyeweza kuchukua filamu ya kawaida akaifanya iwe ya mtaani kwako. Lakini hii, ndugu zangu, muiachie sauti yake. Kuna vipande virefu ambavyo hakuna anayeongea, ni majani tu na muziki wa James Newton Howard ukija kwa chini, na najua mkono utawawasha mshike kipaza sauti mjaze pengo kwa utani. Msijaze. Tafsirini mazungumzo, basi. Ila kuna kisa kidogo cha Alma na mwanaume mmoja wa kazini kwake aliyekula naye kitindamlo kwa siri, kisa ambacho hakina kichwa wala miguu na hakuna aliyeelewa kimeingizwa kwa nini. Hapo mna ruhusa yangu, wekeni utani wowote mnaoutaka.